Anayeendesha na Anayesukuma: Baiskeli Katika Korti ya Trafiki

Sogea karibu, wewe unayekwenda kazini kwa baiskeli kila asubuhi, na wewe mwanasheria chipukizi unayedhani kesi ya baiskeli ni kesi ya kumalizwa kabla ya chai. Nina jambo la kukueleza, na nitakwenda polepole ili tufike pamoja. Nilikuwa hakimu katika korti za Bonde la Ufa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi hadi nilipostaafu. Nimesikiliza kesi za wizi, za mashamba na za ndoa zilizovunjika, lakini zile ambazo vijana huniuliza sana siku hizi ni za baiskeli. Labda ni kwa sababu baiskeli zimerudi barabarani, na anayeziendesha hana wa kumweleza sheria inamwona vipi.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Nakuru. Nilifika nikiwa na joho jipya lililokuwa refu kunizidi, nikapelekwa kwa Hakimu Mkuu, yaani msimamizi wa mahakimu wote wa kituo. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa sauti, na ilibidi uinamie meza ndipo umsikie.

"Madam, nimekupa korti ya trafiki," aliniambia.

Nadhani uso wangu ulionyesha kitu, kwa sababu alitabasamu.

"Usinune. Katika korti nyingine watu huja na mawakili. Katika hii huja na haraka. Ukiweza kumsikiliza mtu mwenye haraka, utamsikiliza yeyote."

Korti ya trafiki ilikuwa hivi: washtakiwa wanapanga foleni, karani anamsomea kila mmoja shtaka lake, kisha anamuuliza, "Ni kweli au si kweli?" Akisema ni kweli, amekiri, na kilichobaki ni adhabu. Akisema si kweli, kesi inapangiwa siku ya mashahidi. Wengi walisema ni kweli ili warudi kazini.

Mshtakiwa wangu wa kwanza wa baiskeli alikuwa kijana wa Bahati aliyekamatwa akiwa ameshikilia nyuma ya lori lililokuwa likipanda mlima.

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema, "lakini ilikuwa mlima."

"Na dereva wa lori akikanyaga breki ghafla, wewe unakanyaga nini?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Nakanyaga maombi, Mheshimiwa."

Korti nzima ilicheka, hata askari wa mlangoni. Nilimtoza faini ndogo, nikamwonya. Wakati wa chakula cha mchana Hakimu Mkuu aliniita, habari zikiwa zimeshamfikia.

"Huyo alikuwa rahisi, kwa sababu sheria imemtaja waziwazi mwenye kushikilia gari," alisema. "Sasa niambie, mtu wa baiskeli akiletwa kwa kosa la kutokuwa na bima, utafanya nini?"

Nilisema ningeangalia kifungu.

"Angalia kwa makini. Vifungu vingine vinazungumzia gari lenye injini. Hapo baiskeli haimo, na huwezi kuiingiza kwa nguvu. Vingine vinazungumzia chombo chochote kinachotumia barabara. Hapo baiskeli imo, hata kama mwenyewe hapendi. Usichukue sheria ya magari ukabandika neno baiskeli juu yake."

Hilo ndilo somo la kwanza, na bado ninaliamini. Mwendesha baiskeli ana wajibu mwingi sawa na dereva: kukaa kushoto, kusimama kwenye taa nyekundu, kuonyesha kwa mkono anakotaka kugeukia. Lakini haombwi leseni wala bima, kwa kuwa sheria hiyo haikuandikwa ikimlenga yeye.

Kutoka Nakuru nilihamishiwa Molo. Kule ukungu hushuka hadi barabarani, na wachukuzi wa viazi hutoka alfajiri wakati huoni hata mkono wako. Msimamizi wangu alikuwa Hakimu Mwandamizi, mama mkali kwa mawakili na mpole kwa washtakiwa. Kwake ndiko nilikojifunza habari ya taa.

Mchukuzi mmoja wa viazi aliletwa kwa makosa mawili, kukosa taa ya mbele na kukosa taa ya nyuma. Alikuwa amefunga tochi ya kawaida kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Afisa aliyemkamata alisema tochi si taa ya baiskeli. Sikuwa na hakika, nikaenda kumuuliza mama yule.

"Sheria inataka nini?" aliniuliza.

"Taa."

"Inataka mtu aonekane, ndiyo sababu ya taa. Lakini usikimbilie sababu ukaacha maneno. Maneno yamesemaje?"

"Mwanga mweupe mbele, mwekundu nyuma."

"Imesema mwanga huo utoke kwenye kifaa cha dukani?"

Haikusema. Basi nilimwachilia kwa shtaka la mbele, kwa kuwa mwanga mweupe ulikuwapo, nikampata na hatia kwa la nyuma, ambako hakukuwa na kitu ila gunia. Nilimwonya, nikamtuma akanunue taa nyekundu. Unaona jinsi vitu viwili vinavyotembea pamoja: sababu ya sheria na maneno yake. Na pale maneno yanapoacha shaka, katika sheria inayoadhibu, shaka hiyo humwendea mshtakiwa. Huo si ukarimu wa hakimu. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa jambo ambalo hakuambiwa mapema kwamba ni kosa.

Baadaye nilikaa Naivasha miaka kadhaa, kati ya wafanyakazi wa mashamba ya maua ambao hutoka kazini wote pamoja, baiskeli zikijaza barabara kama siafu. Kisha nikarudishwa Nakuru, nikiwa sasa mimi ndiye ninayeulizwa na mahakimu wapya. Hapo ndipo nilipoletewa kesi ya Ndegwa, nami nitakaa juu yake kidogo, maana ndani yake yamo yote niliyokwisha kukueleza.

Ndegwa alikuwa mchukuzi wa maziwa wa Subukia. Aliyakusanya kwa wafugaji wa bondeni, akayapandisha kwa baiskeli hadi kituo cha maziwa kule juu, mlima ambao ukiupanda mikono mitupu bado utapumzika mara mbili. Asubuhi moja, kwenye kona ya mlima huo, alikutana na pikapu iliyokuwa ikiteremka kutoka upande wa Bahati. Pikapu ilimkwepa bila kumgusa, ikavuka barabara, ikapinduka kwenye mtaro wa ng'ambo. Kando ya dereva alikuwa ameketi Mama Shiro, jirani wa Ndegwa, akitoka kuuza kabeji Nakuru. Mguu wake ulivunjika vibaya, na tangu siku hiyo hakutembea bila mkongojo. Hakukumbuka lolote baada ya kuingia kwenye kona.

Dereva aliwaambia polisi kwamba Ndegwa alikuwa akiendesha baiskeli upande wa kulia, upande usio wake, akimjia moja kwa moja. Basi aliyeshtakiwa ni Ndegwa, kwa kuendesha baiskeli upande usiofaa na bila uangalifu, na polisi wakaizuia baiskeli yake.

Siku ya kusomewa shtaka alisimama kizimbani akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Karani akauliza, "Ni kweli au si kweli?"

"Mheshimiwa," Ndegwa aliniambia, "huko nje nimeambiwa nikisema ni kweli, nitalipa faini kidogo na nipewe baiskeli yangu leo."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Kila mtu. Hata bibi yangu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nasema hivi. Nikikubali, basi ni mimi nilivunja mguu wa Mama Shiro. Huyo ni jirani, boma letu na lake ni ua mmoja tu katikati. Sasa watoto wake wakiniona wanaangalia kando. Baiskeli naitaka, Mheshimiwa, lakini hiyo sitakubali. Si kweli."

Nilitazama benchi la nyuma. Mama Shiro alikuwa ameketi na mkongojo wake, macho yameelekea dirishani.

Kwa kawaida niliamuru baiskeli ipigwe picha na mwenyewe arudishiwe ili asife njaa akingoja. Safari hii kiongozi wa mashtaka, Inspekta mmoja wa polisi, aliomba ibaki vile ilivyo hadi afisa aliyeichukua atoe ushahidi. Nilikubali, nikaipangia kesi tarehe ya karibu sana.

Kabla sijaendelea, nikueleze ugumu ulikuwa wapi. Mwendesha baiskeli hutakiwa kukaa kushoto. Mtu wa miguu, pasipo na njia ya kando, hushauriwa atembee kulia ili ayaone magari yanayomjia. Ndegwa alikubali kwamba alikuwa kulia, kwa kuwa kushoto mtaro ulikuwa umekula ukingo wote. Ila alisema hakuwa amepanda baiskeli, alikuwa akiisukuma. Kwa hiyo maswali yalikuwa mawili. La kwanza, alikuwa ameketi au alikuwa akisukuma? La pili, kama alikuwa akisukuma, je, sheria humhesabu kuwa mwendeshaji au mtu wa miguu?

Dereva alitoa ushahidi kwanza, akasema alimwona Ndegwa ameketi. Ndegwa hakuwa na wakili, nikamweleza kwamba ana haki ya kumuuliza maswali.

"Boss, uliniona nimeketi?"

"Nilikuona."

"Na miguu yangu ilikuwa inafanya nini?"

"Inakanyaga pedeli."

"Kwa huo mlima, wewe ungekanyaga?"

"Mimi niko na gari."

"Kumbe unajua ni mlima," Ndegwa alisema, akaketi.

Akafuata afisa wa trafiki, na baiskeli ikasukumwa hadi ndani ya korti. Mtungi mmoja wa maziwa ulikuwa umefungwa nyuma kwenye keria. Wa pili ulifungwa mahali ambapo sikuutarajia, katikati ya fremu, pale magoti ya mwendeshaji yanapopita.

"Baiskeli mliikuta hivi?" nilimuuliza afisa.

"Hivi hivi, Mheshimiwa. Tulimwaga maziwa tu, yalikuwa yameanza kunuka. Kamba hatukufungua."

"Na huu mtungi wa katikati unafanya nini hapo?"

Aliuinamia. "Ni mtungi, Mheshimiwa."

"Naona ni mtungi."

"Hapo sijui."

Ndegwa aliinua mkono. "Hiyo ni kufunga kwa mlima."

Nilimuuliza kufunga kwa mlima ni nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa chumvi ni nini, kisha akaeleza. Bondeni, mahali pa tambarare, mitungi yote hukaa nyuma na mtu huendesha. Akifika mwanzo wa mlima hushuka, akaufungua mmoja, akaufunga katikati ya fremu. Asipofanya hivyo, uzito wote huvuta nyuma, gurudumu la mbele huinuka, na baiskeli humponyoka. Kule juu huurudisha nyuma, akapanda tena.

"Bwana Ndegwa," nilisema, "mbona hukueleza haya tangu ulipokamatwa?"

"Hakuna mtu aliuliza, Mheshimiwa. Na huko kwetu kila mtu anajua. Nilidhani mtu akiona baiskeli ameshaona."

Hapo niliamua korti iende mlimani. Hilo linaruhusiwa: hakimu anaweza kutembelea mahali pa tukio, mradi pande zote ziwepo na yote yanayoonekana yaandikwe. Lakini lilihitaji gari na muda, na Hakimu Mkuu wa wakati ule, si yule wa kwanza, alikuwa mtu wa kuhesabu kesi zilizokwisha.

"Madam, korti nzima iende Subukia kwa sababu ya baiskeli?"

"Ni kwa sababu ya mguu, Mheshimiwa. Kuna mama hajui ni nani alimvunja, na kuna mtu anabebeshwa."

"Una kesi nyingine zinangoja."

"Nitaanza mapema, nizimalize kwanza."

Alikoroga chai yake. "Nenda. Ila urudi na jibu, si na matope tu."

Tulikwenda. Ndegwa alijaza mitungi maji, akafunga kwa mlima mbele yetu sote, kwa mikono ya mtu anayefanya kitu ambacho hufanya kila siku. Inspekta, ambaye alikuwa mwendesha mashtaka mgumu lakini mwenye haki, alivua koti.

"Mheshimiwa, mimi nimekua kwa baiskeli. Naomba nijaribu mwenyewe, isije ikasemwa mshtakiwa ameigiza."

Ndegwa hakuwa na pingamizi. Inspekta alitupa mguu juu, akaketi, akatafuta pedeli. Goti lilipanda hadi mtungini, likakwama. Alipanua magoti kama chura, akakanyaga nusu mzunguko, baiskeli ikalala upande na Ndegwa akaidaka. Kina mama waliosimama kando na madebe yao walishindwa kujizuia.

"Afande, hiyo si ya kukalia," mmoja alisema. "Shuka, utavunjika na wewe."

Alijaribu tena, kwa bidii ya kweli, kisha akashuka akipangusa suruali. "Iandikwe kwamba nimeshindwa," alimwambia karani.

Mama Shiro alikuwa ameketi juu ya jiwe, mkongojo magotini, akitazama kila kitu. Akamgeukia dereva.

"Wewe uliniambia hospitalini alikuwa ameketi. Aliketi wapi?"

Haikuwa zamu yake kuuliza, na nilimwambia hivyo kwa upole. Lakini dereva alikuwa ameshafungua mdomo.

"Niliona baiskeli tu, mathe," alisema. "Nilikuwa nimekuja na kasi. Nikaona baiskeli, nikajua kuna mtu amekalia. Baiskeli si hukaliwa?"

Hiyo nayo iliandikwa.

Siku ya uamuzi nilisoma kwa Kiswahili, polepole. Kuhusu swali la kwanza nilisema upande wa mashtaka haukuthibitisha, pasipo shaka, kwamba Ndegwa alikuwa ameketi. Baiskeli ilivyofungwa ilionyesha kinyume. Kuhusu swali la pili, Inspekta alikuwa ametoa hoja nzuri, kwamba baiskeli ni chombo iwe imekaliwa au inasukumwa, na chombo hukaa kushoto. Niliipima kwa siku kadhaa. Mwishowe nilisema hivi: shtaka lilikuwa la kuendesha. Anayeendesha ni yule ambaye baiskeli inambeba. Anayeisukuma, miguu yake yote miwili ikiwa ardhini, ndiye anayeibeba baiskeli, na mwendo wake ni wa mtu wa miguu. Kumwamuru apande mlima akiwa amegeuzia magari mgongo, kando ya mtaro, kungekwenda kinyume na sababu ya sheria yenyewe, ambayo ni kulinda watu. Niliongeza kwamba yule anayeweka mguu mmoja kwenye pedeli na kusukuma kwa mwingine ningemhesabu kuwa mwendeshaji, kwa kuwa huyo anabebwa.

Nilimwachilia Ndegwa huru. Kuhusu dereva, kushtakiwa au kutoshtakiwa kulikuwa juu ya kiongozi wa mashtaka, nami sikulisemea. Lakini nilisoma kwa sauti, mara mbili, sentensi iliyosema kwamba hakuna ushahidi kuwa kitendo chochote cha mshtakiwa ndicho kilichomvunja mguu Mama Shiro. Niliisoma nikitazama benchi la nyuma.

Ndegwa aliinamisha kichwa, akavaa kofia, akakumbuka yuko kortini, akaivua. Baadaye, dirishani mwa ofisi yangu, nilimwona akikabidhiwa baiskeli uani. Mama Shiro alikuwa akingoja langoni. Ndegwa alipomfikia, mama huyo alitundika kiondo chake kwenye usukani bila kumuuliza, kama jirani afanyavyo, wakatoka pamoja, Ndegwa akisukuma kwa mwendo wa mkongojo.

Sasa nimestaafu, ninafuga kuku huku Bahati, na watu bado hunisimamisha barabarani kuniuliza. Usichukue uamuzi wangu kama sheria ya nchi. Uamuzi wa hakimu haufungi korti nyingine, na mwenzangu mwingine angeweza kuikubali hoja ya Inspekta na asiwe amekosea sana. Nilichojifunza ni kwamba sheria za barabara ziliandikwa na watu waliofikiria zaidi magari, na kila baiskeli inapoingia kortini, hakimu hulazimika kuuliza upya kama aliyeandika alimwona mtu huyu. Mara nyingi hakumwona. Kazi yetu ilikuwa kumtazama badala yake, na wewe mwanasheria kijana, kazi hiyo sasa ni yako. Utaiweza, mradi usione uvivu wa kwenda kuona mlima.

Na wewe mwenye baiskeli, siku ikitokea umesimama kizimbani, usikiri kosa ambalo si lako ili uwahi nyumbani. Ngoja shtaka lisomwe lote. Usipolielewa, omba lisomwe tena. Kisha eleza ulivyokuwa umefunga mzigo, ulivyoshika usukani, miguu yako ilikuwa wapi, na useme hata lile ambalo kwenu kila mtu analijua.